Kitreni hakisikii amri? Anza na vumbi

Mkoa wa Mara hatuna reli. Treni ya kweli utaikuta Mwanza. Kwa hiyo ukiwa na kitreni cha mfano Musoma, Bunda au Butiama, kipuri chake kinatoka mbali. Kabla hujalipia dikoda mpya, yaani chipu inayopokea amri ndani ya kichwa cha treni, elewa kwanza inavyofanya kazi.

Kwenye mfumo wa DCC, reli zilezile mbili hubeba umeme na amri kwa pamoja. Umeme hugeuzwa-geuzwa haraka: kila nusu ya biti ya 1 huchukua maikrosekunde 58 hivi, ya 0 huchukua 100 hivi au zaidi. Vumbi kidogo tu kwenye gurudumu, basi amri inakatika, au dikoda inazimika na kuanza upya.

Jaribu kitu kimoja kimoja, ujue kipi kimetibu:

1. Zima umeme. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri vikauke.
2. Bado? Ita anwani 3. Dikoda mpya kwa kawaida huja nayo.
3. Bado? Dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye mpangilio CV8. Soma kijitabu chake kwanza.

Ukisikia harufu ya kuungua, zima palepale. Hapo ndipo uanze kuishuku chipu.