Kwa Nini Ukungu Hurejea Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Mgonjwa aliyeondolewa mtoto wa jicho huweza kuona vizuri kwa miezi au miaka, kisha ukungu ukarejea. Wengi hudhani upasuaji uliharibika au ugonjwa umeota upya. Ukweli ni mwingine, nao unatokana na namna lenzi inavyoumbwa.

Lenzi imo ndani ya kifuko chembamba. Mbele ina tabaka moja la seli. Nyuma ya tabaka hilo zimepangana seli ndefu mithili ya nyuzi. Seli za mbele huongozwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, hasa FGF. Kiasi kidogo cha FGF huzifanya zigawanyike. Kiasi kikubwa huzifanya zirefuke na kuwa nyuzi. Kichocheo hiki ni kingi zaidi katika ute mzito ulio nyuma ya lenzi, ndiyo maana nyuzi huundwa kuelekea huko. Mwaka 1963, Jane na Alfred Coulombre waligeuza lenzi ya kiinitete cha kuku, mbele ikawa nyuma. Seli zilizoelekezwa kwenye retina zikarefuka kuwa nyuzi.

Katika upasuaji, nyuzi zilizofifia huondolewa, lakini kifuko huachwa ili kishikilie lenzi bandia. Seli chache husalia humo. Jeraha huamsha kichocheo kingine, TGF-beta, ambacho kwa kawaida husaidia vidonda kupona. Kwa amri yake, baadhi ya seli hubadilika, hutambaa hadi ukuta wa nyuma wa kifuko na kutengeneza kovu. Ukuta hukunjamana, na mwanga hutawanyika.

Kwa mtu mzima, tiba ni mwanga wa leza unaofungua tundu katikati ya ukuta huo, bila kulipasua jicho upya. Kwa mtoto mdogo, seli hugawanyika kwa kasi na ukungu hutokea mara nyingi zaidi. Akicheleweshwa, ubongo wake hushindwa kujifunza kuona kwa jicho hilo, hata likisafishwa baadaye.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya amweleze mgonjwa au mzazi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: ukungu unaoongezeka polepole ni sababu ya kurudi kliniki, si ya kukata tamaa. Maumivu, wekundu au kupungua ghafla kwa uoni huhitaji kuonwa siku hiyo hiyo.