Dar–Mwanza kwa ndege: saa moja na nusu ya rubani, saa sita za mtoto

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Mwanza ni kilomita 850 hivi kwa njia ya anga. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zinazidi 1,100, na basi linamaliza siku nzima. Ndiyo maana mama mwenye mtoto wa miezi minane akipata nauli ya ndege huona ameokoka: saa moja na nusu tu, mtoto yuko mikononi mwa bibi.

Hiyo saa moja na nusu ni ya ndege. Jeti ikishatulia angani huenda kilomita 800 kwa saa au zaidi. Muda uliobaki unaliwa na kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Ikiwa ni ndege ya mapangaboi, safari inakaribia saa mbili. Ongeza foleni ya Barabara ya Nyerere, kufika uwanjani mapema, kusubiri mizigo na gari la kwenda nyumbani, mtoto anakuwa safarini saa sita. Maziwa, nepi na nguo za kubadili zipimwe kwa hizo sita. Zikiingia kwenye begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege, ni kama zimeachwa nyumbani.

Wazazi wengi huogopa kupaa. Kinachowaliza watoto zaidi ni kushuka, ambako huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Hewa ndani ya ndege iliyo juu huwa nyepesi, kama ya mlima wa mita 2,000 hivi. Ndege ikishuka, mgandamizo wa hewa unaongezeka, na mrija mwembamba unaounganisha sikio la mtoto na koo hauwahi kufunguka. Kumeza ndiko kunakoufungua. Kwa hiyo chupa isimalizwe ndege ikiwa bado ardhini Dar. Mtoto aliyelala, hata kama roho inasita, aamshwe anyonye.

Na aliyetua Mwanza kimya anaweza kulia sana siku ya kurudi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo masikio hayateremki sana. Dar iko jirani na bahari, yanateremka yote. Maziwa ya kurudi yahitaji kuangaliwa kuliko ya kwenda.

Mwenye mafua mazito au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari, hata kama kubadili tarehe ya tiketi kuna gharama.

Kaka yake wa miaka sita, anayeuliza "tumefika?" kila dakika, apewe kiti cha dirishani na chupa ya maji. Akiliona Ziwa Victoria, aanze kunywa kidogo kidogo mpaka magurudumu yaguse ardhi.