Je, Wajua? Pumzi ya kwanza ya mtoto njiti

Je, wajua kwamba kituo cha afya cha Kisenyi, katikati ya Kampala, ni cha daraja la nne? Kwa mpango wa Uganda, daraja hilo linatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Njiti wa wiki 28 za mimba anahitaji zaidi: wodi maalumu kama ya hospitali ya Kawempe au Mulago. Ila dakika ya kwanza ni ya mkunga aliyempokea.

Kwa nini njiti hushindwa kupumua? Vifuko vya hewa vya mapafu vinahitaji ute wa kuvizuia visinywee kila pumzi inapotoka. Ute huo, surfaktanti, hutosheleza karibu na wiki ya 35. Mary Ellen Avery na Jere Mead walibaini upungufu wake mwaka 1959. Agosti 1963, Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki kwa tatizo hilo akiwa na siku mbili tu.

Je, wajua kwamba chupa ya maji hupima shinikizo la hewa anayopewa njiti? Hewa huingia puani mfululizo, na mrija wa kuitoa huzamishwa majini. Ukizama sentimita 5, mapafu hupata shinikizo la sentimita 5 za maji na hayafungi. Mapovu yakikoma, muuguzi hukagua haraka: huenda hewa inavuja. Hospitali ya Kiwoko, wilayani Nakaseke, imewatibu njiti kwa njia hii. Njia hiyo inastahili kuenea zaidi.

Mtoto asiyepumua kabisa hupuliziwa kwa mfuko na barakoa, kama pumzi 40 kwa dakika. Kidevu kikiinama sana, njia ya hewa huziba.

Mulago, wakunga walijaribu kifaa kinachokaa kooni badala ya barakoa, kwa wachanga wasio njiti sana. Matokeo ya 2020: vifo havikupungua. Barakoa, basi, bado ina kazi, na mikono iliyoizoea pia.

Oksijeni ikizidi huharibu macho ya njiti. Ndiyo maana wa chini ya wiki 32 huanzishiwa asilimia 30.

Na kifua cha mama? Utafiti wa nchi tano, hospitali ya Muhimbili ya Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2021 kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 wakibebwa ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae, vifo hupungua kwa robo.