Kuhesabu Chakula Bila Kujilaumu

Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters wa Marekani alichapisha kitabu kilichowafundisha wanawake kupima chakula kwa kalori. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa na programu za simu, kama MyFitnessPal iliyoanzishwa mwaka 2005: mtu huandika alichokula, na akivuka kiwango chake, tarakimu hugeuka nyekundu. Hapo ndipo wengi huingiwa na haya, wakaacha kuandika, au, lililo baya zaidi, wakashinda na njaa kesho yake ili kulipa deni.

Deni lenyewe ni la makisio. Gramu moja ya wanga au ya protini huhesabiwa kalori 4, ya mafuta 9. Lakini simu haijui mama alitia maji kiasi gani katika ugali, wala mafuta yaliyobaki sufuriani. (Tena baadhi ya tarakimu hizo zimeingizwa na watumiaji wenyewe!) Yafaa basi hesabu isomwe kwa juma zima, si kwa mlo mmoja. Askari aliyetoka lindo la usiku akala sahani mbili, akaziandika zote mbili, ameandika habari tu; hakutenda kosa. Na yule ambaye kila tarakimu humnyima usingizi, aifute programu hiyo, akamwone daktari.