Mpini wa Soli ya Ndala

Mvuvi wa mshipi wa mwambao hahitaji ufito. Kuanzia Lamu hadi Kilwa utamkuta ameketi kwenye mtumbwi, chubwi liko chini pima nane, na mshipi umelala juu ya kidole chake cha shahada. Changu akidonoa chambo, habari inamfikia papo hapo, uzi kwa ngozi. Anamtambua samaki mdogo anayekwangua na mkubwa anayemeza, na anawatambua kabla hajafikiri.

Ufito ulikuja na faida zake. Hutupa chambo mbali na ukingo, na ukipinda humchosha samaki bila kukata mshipi. Ila umemweka dalali kati ya samaki na kidole, na dalali huyo ni mpini. Mpini mzuri hufikisha habari kama ilivyo. Mbaya huila njiani. Katika fito za bei nafuu, sehemu waliyoibania fedha kuliko zote ni hiyo hiyo.

Nakaa Fairfield, magharibi ya Sydney, kama kilometa 30 kutoka katikati ya jiji. Hapa jirani zako ni Wairaki, Waashuri, Wavietinamu, na sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tumo. Kijito cha Prospect kinapita kando ya mji kikielekea Mto Georges, na njiani kinapita chini ya daraja la Lansdowne, tao moja pana la mawe lililosanifiwa na David Lennox na kufunguliwa mwaka 1836. Huku chini kijito hujaa na kupwa, ingawa bahari iko mbali. Katika Mto Georges wenyewe, bahari hupanda hadi kwenye ukuta wa kuzuia maji hapo Liverpool, kazi nyingine ya Lennox ya mwaka huo huo. Jioni za joto mkizi huruka juu ya maji, na hapo ndipo wenye fito huteremka ukingoni, mtu mzima akiwa ameshalipa ada ya uvuvi ya jimbo la New South Wales.

Wenyeji wa asili wa eneo hili ni Cabrogal, wa taifa la Darug. Jina lao linatokana na kiumbe atoboaye magogo yaliyozama majini, chakula chao cha tangu zamani, na mtaa jirani wa Cabramatta bado unalibeba jina hilo. Kiumbe huyo anafanana na mnyoo lakini ni wa jamii ya chaza na kombe. Mwenye jahazi wa Lamu anamjua vizuri mno: ndiye anayemfanya apake chombo chake shahamu na chokaa.

Wanawake wa pwani ya Sydney nao walivua kwa mshipi mtupu. Uzi ulisokotwa kwa gome la mti, ndoana ikachongwa kwa gamba la konokono wa baharini, na mtumbwi wenyewe ulikuwa wa gome. Barangaroo, ambaye jina lake leo ni la mtaa mzima ukingoni mwa bandari ya Sydney, alikuwa mmoja wao wakati Waingereza walipotia nanga mwaka 1788. Wanaume walichoma samaki kwa mikuki ya vichomo vingi. Mwaka 1770 James Cook na watu wake walichukua mikuki 40 huko Kamay, ghuba ambamo Mto Georges unamwaga maji yake. Iliyobaki ni minne tu, na mwaka 2024 Chuo cha Trinity cha Cambridge kiliirudisha kwa watu wake. Mimi katika mikuki hiyo natazama mafundo. Vichomo vimeshikwa kwa uzi uliozungushwa mzunguko baada ya mzunguko, kisha ukafungwa kwa utomvu wa mti. Kazi ya kufunga mpini ilikuwa kwenye maji haya zamani sana kabla ya duka lolote la vifaa vya uvuvi.

Ufito wangu ni wa faibaglasi. Niliununua kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na wenyewe si mbaya: unapinda vizuri na pete za kupitishia mshipi zimenyooka. Tatizo lake ni mpini. Ulivishwa povu jembamba la plastiki, laini, lenye kung'aa, ambalo likilowa linateleza kama kambale. Baada ya saa mbili mkono ulikuwa unauma hadi karibu na kiwiko.

Maumivu hayo yana sababu. Misuli mikubwa inayofunga vidole haikai kiganjani. Iko kwenye kigasha, na huvuta vidole kwa kano ndefu. Mpini ukiwa mwembamba au ukiteleza, mtu hubana kwa nguvu kuliko inavyohitajika, naye hajijui. Wataalamu wa vifaa vya mikono hupendekeza mpini wa kushikwa kwa kiganja kizima uwe na upana wa milimita 30 hadi 40 hivi. Wangu haukufika 25.

Ubaya wa pili ni wa usikivu. Ndani ya ngozi ya kiganja na vidole mna vijifuko vidogo vyenye matabaka kama kitunguu, ambavyo Filippo Pacini wa Italia aliviona mwaka 1831 akiwa bado mwanafunzi. Kazi ya vijifuko hivyo ni kusikia mtikisiko wa haraka, hasa wa mara 250 hivi kwa sekunde, na vinaweza kuhisi msogeo usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chubwi likikwaruza jiwe, au jino likigusa chuma cha ndoana, vijifuko hivi ndivyo vinavyopaswa kupata habari. Faibaglasi inaleta habari hiyo hadi mkononi. Kisha inakutana na povu.

Povu lenyewe huitwa EVA, na ukilitazama kwa karibu utalikumbuka: ni lile lile la soli za ndala nyingi za bei nafuu. Ndani yake mna vyumba vidogo vya hewa vilivyofungwa, visivyopitisha maji. Ukilibonyeza linapoteza sehemu ya nguvu uliyolipa, na ndiyo maana linapendeza chini ya mguu. Kile kinachomfaa mtembezi kinamnyima mvuvi. Kwa kuwa haliozi, pwani yetu imejaa ndala zilizoletwa na mawimbi. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotumia tani 10 za plastiki iliyokusanywa na ubao wa nje ukavishwa vipande vya ndala 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nilipolifikiria jahazi hilo nikatazama ndala kuukuu zilizokuwa mlangoni kwangu.

Mafundi wa fito za bei kubwa hutumia gome la mwaloni wa vizibo, mti ambao karibu nusu ya mavuno yake duniani hutoka Ureno. Hubanduliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9. Ni gome lile lile ambalo Robert Hooke alilikata kipande chembamba, akakitazama kwa hadubini, na katika kitabu chake cha mwaka 1665 akaviita vijumba alivyoviona kwa jina ambalo sayansi inalitumia hadi leo kwa seli. Gome hilo ni jepesi na halitelezi likilowa. Lakini kwa mtu anayetengeneza nyumbani lina ugumu mmoja. Vipande vyake vya duara huvishwa kutokea kwenye ncha nyembamba, kabla pete hazijafungwa. Ufito wa dukani tayari una pete, kwa hiyo unalazimika kuvisha kutokea nyuma, upande mnene, na tundu lililopita upande mnene litapwaya mbele. Gome halitanuki. Ndala inatanuka: inapita kwenye unene kisha inabana kwenye wembamba. Kwa kazi hii, naona ndala inalishinda gome.

Kwanza toa povu la zamani. Pasua kwa wembe kufuata urefu wa ufito, na usizame hadi chini; acha utando mwembamba, kisha menya kwa kucha. Hapa usiwe na haraka. Nguvu ya faibaglasi iko kwenye nyuzi ndefu zinazokwenda na urefu wake, na samaki anapovuta, nguvu ya kuukunja ni kubwa zaidi karibu na mkono. Mkwaruzo mmoja wa kukata nyuzi hizo ni mahali ufito utakapovunjikia. Gundi iliyobaki ilainishe kwa kitambaa cha maji ya moto, uikwangue kwa kipande cha plastiki.

Osha ndala, zikauke. Kata vipande vya duara vyenye upana wa milimita 40 hivi, na katikati toboa tundu dogo kidogo kuliko unene wa ufito. Bomba la chuma lililonolewa ukingo hutoboa safi kuliko kisu. Paka gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, kwenye ufito na kati ya kipande na kipande, kisha visukume kimoja kimoja. Gundi ikiwa mbichi huteleza na kurahisisha kazi. Vibane vishikane, uache hadi kesho yake.

Kisha msasa. Vaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Mtu mmoja auzungushe ufito mapajani, mwingine ashike msasa mkavu, aanze na wa mchanga mkubwa amalizie na mdogo. Rangi za ndala zitajitokeza kwa mistari: buluu, nyeusi, ile pinki ya mtoto. Nyuma, pale kiganja kinapokaa, acha mpini uwe mnene. Mbele ya mahali gurudumu la mshipi linapofungwa usivishe kitu. Acha faibaglasi wazi kwa upana wa vidole viwili, na kidole cha shahada kilale hapo, kama kinavyolala juu ya mshipi kule Kilwa. Ukifuata neno moja tu katika haya yote, fuata hilo.

Asiyetaka kuumenya mpini wake ana dawa ya haraka, na kila aliyekulia kwetu ameiona kwenye mpini wa panga au kwenye kibebeo cha baiskeli: mpira wa tyubu. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, anzia nyuma kabisa, uvute hadi ukaribie mwisho wa kunyooka kwake, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Ncha ya mwisho ipitishe chini ya mizunguko miwili uliyoilegeza, uvute. Hauhitaji gundi, unajibana wenyewe. Mpira huo haupendi jua wala mafuta, kwa hiyo baada ya misimu michache utapasuka, nawe utafunga mwingine. Tepe ya kushikia raketi ya tenisi nayo inafaa na ni nyepesi zaidi. Wengine huzungusha uzi mnene kwa kuachanisha, kisha huvika juu yake bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, lile la mafundi umeme, ambalo hupungua hadi nusu ya upana wake. Likikaza, uzi wa chini unatokeza matuta yasiyoteleza. Joto liwe la kadiri tu, kwani povu la EVA hulainika hata kabla maji hayajachemka.

Mpini wangu ulikauka usiku kucha ukining'inia kwenye mlango wa bafu. Asubuhi niliketi barazani, nikafumba macho, kidole kikiwa juu ya faibaglasi, na mwanangu akaishika ncha ya ufito, mita mbili kutoka kwangu. Akagonga kwa kucha. "Umesikia, baba?" Nimesikia. Akagonga kwa kijiti cha kiberiti. Nimesikia. Kisha akanyamaza muda mrefu, na nikahisi kitu chepesi, kama mchanga unaotiririka.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimepuliza tu."

Maji yalikuwa yanaanza kujaa saa kumi alasiri. Tulichukua ndoo.