Jinsi ya Kuitembelea Nyumba ya Kale: Kutoka Dzaleka hadi Mandala

Katika makala zetu nyingi tumekuwa tukieleza masuala ya sarufi na fasihi. Safari hii tunaomba tuzungumzie jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana liko nje ya Idara ya Kiswahili, nalo ni namna ya kutembelea nyumba ya enzi za ukoloni iliyokarabatiwa na kuhifadhiwa. Sababu ni kwamba ziara yetu ya kimasomo ya muhula uliopita ilituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu. Tunaamini kwamba swali hilo linamhusu kila mwalimu na mwanafunzi wa lugha.

Chanzo cha ziara

Kama mnavyofahamu, wanafunzi wetu wa hapa Lilongwe huenda Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushee, kufanya mazoezi ya mazungumzo. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa kuwa na watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na kisimani. Kwa mwanafunzi Mmalawi anayetaka kukisikia Kiswahili kikitumika tangu asubuhi hadi usiku, hakuna darasa linaloweza kushindana na Dzaleka.

Tulipopanga kwenda Blantyre kuiona Mandala House, tuliwaalika wenzetu wanne wa Dzaleka. Kwa utaratibu wa nchi, mkimbizi hukaa kambini na hutoka kwa kibali. Vibali havikupatikana kwa wakati, na basi lilikwishalipiwa. Tukaondoka bila wao, tukiwa tumewaahidi kwamba tutakaporudi tutawasimulia yote tuliyoyaona. Ahadi hiyo ndiyo iliyotufanya tuangalie kwa makini kuliko kawaida yetu.

Mandala ni nyumba gani?

Kutoka Lilongwe hadi Blantyre ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Dedza na Ntcheu. Mandala House ilijengwa mwaka 1882, na inatajwa kuwa miongoni mwa majengo ya zamani kabisa yaliyobaki Malawi. Ina sehemu ya chini na ghorofa moja, na baraza pana limeizunguka. Yalikuwa makazi ya mameneja wa African Lakes Company, kampuni iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1878 kwa lengo la kuhudumia misheni za Waskoti na kuleta biashara ya bidhaa mahali pa biashara ya watumwa. Mameneja hao walikuwa ndugu wawili, John na Frederick Moir.

Tulipofika, sehemu ya chini ilikuwa na ukumbi wa sanaa, na juu kulikuwa na maktaba ya Society of Malawi, chama cha historia na sayansi kilichoanzishwa mwaka 1946. Kwa hiyo si makumbusho kwa maana kamili ya neno. Hata hivyo mgeni anayepanda ngazi zake na kusimama barazani hupata kile anachokitafuta katika makumbusho: kukaa kidogo ndani ya wakati uliopita.

Jina lenyewe ni la kuzingatiwa. John Moir alivaa miwani, na wenyeji walipoona vioo vikimeremeta juani wakampa jina la Mandala, kutokana na neno lao la mmeremeto. Baadaye jina likahamia kwenye nyumba, kisha kwenye maduka ya kampuni. Waskoti walijenga nyumba wakiwa na jina lao tayari, lakini jina lililodumu ni lile walilopewa na watu waliowatazama kutoka nje.

Swali la fundi

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Dzaleka kutimiza ahadi. Tuliwaonyesha picha, tukaeleza miaka na majina. Mzee mmoja, fundi mwashi aliyetoka upande wa Uvira, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, sasa wale wenye walijenga ile nyumba, majina yao iko fasi gani?"

Mwanafunzi mmoja alianza kujibu kwamba ilijengwa na kampuni. Mzee akacheka kwa upole na kusema kwamba hajawahi kuona kampuni ikifyatua tofali. Sote tulinyamaza. Tulikuwa tumezunguka nyumba nzima na hakuna aliyekuwa ameuliza. Kutokana na aibu hiyo tumeandaa maswali manne ambayo tunapendekeza kila msomaji aende nayo anapotembelea nyumba ya aina hii.

La kwanza: Nyumba inaitwa kwa jina la nani, na kwa nini?

Huko Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe linalojulikana kama la Livingstone. Livingstone alikaa hapo kama mgeni, akaondoka Agosti 1872. Tembe lilikuwa mali ya wafanyabiashara Waarabu wa njia ya kati, lakini jina la mgeni limewafunika wenyeji wake. Si Afrika peke yake. Katika kisiwa cha Barbados, huko Karibiani, iko nyumba iliyokarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2007 ikiitwa nyumba ya George Washington. Washington alikaa pale karibu miezi miwili tu mwaka 1751, akiwa kijana wa miaka 19. Jina la nyumba, basi, hutueleza zaidi juu ya wanaoikumbuka kuliko walioishi ndani yake.

La pili: Nani alijenga?

Hapo hapo Blantyre liko kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililojengwa kati ya 1888 na 1891. Kila kitabu husema lilijengwa na mmisionari David Clement Scott, na huongeza kwa mshangao kwamba hakuwa amesomea usanifu wa majengo. Mshangao huo ungepungua kama tungewakumbuka wenyeji waliochoma matofali na kuyapanga yale matao. Mtu asiyesomea ujenzi hawezi kusimamisha jengo la namna ile bila mikono yenye akili. Scott huyo huyo alitoa kamusi kubwa ya Kimang'anja mwaka 1892, na sisi walimu wa lugha tunajua kwamba kamusi nayo hujengwa na wasemaji wengi ambao jalada haliwataji.

La tatu: Nani alipita hapa bila kuwekewa picha?

Hapa historia ya Kiswahili inaingia mlangoni. Kampuni ya akina Moir ilinunua pembe za ndovu kutoka kwa wafanyabiashara Waswahili, akiwemo Mlozi wa Karonga. Baadaye pande hizo mbili zilipigana, kuanzia 1887 hadi 1889, na Mlozi alinyongwa na Waingereza Desemba 1895. Tusijipendelee: wafanyabiashara hao waliuza pia watu, na Kiswahili kilifika Karonga na Nkhotakota kikiwa katika msafara huo. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Malawi anapaswa kulijua hilo, sambamba na kujua kwamba mwaka 2019 lugha hii ilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC. Vilevile, Januari 1915 wafuasi wa John Chilembwe walivamia ghala la silaha la kampuni hapo Mandala, wakapata bunduki chache tu. Baraza lile linaloonekana tulivu lilikuwa jirani na tukio ambalo Malawi hulikumbuka kila mwaka.

La nne: Nani aliikarabati, na alichagua wakati gani?

Kukarabati ni kuchagua. Nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi ilijengwa mwaka 1912. Mwandishi huyo aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, Denmark ikaitoa kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, na ikawa makumbusho mwaka 1986, mara baada ya filamu ya 1985 kuvuma duniani. Miaka mingine ya nyumba hiyo haionekani sana, kwa sababu wageni hufuata ile ya kitabu na filamu. Hatusemi kwamba ni kosa. Tunasema mgeni ajue kwamba anaonyeshwa ukurasa mmoja.

Faida kwa mwanafunzi wa lugha

Ziara ya namna hii ni somo zuri la msamiati. Mkongo huita *barza* kile ambacho Mswahili wa pwani hukiita *baraza*, na Mmalawi hukiita *khonde*. Tofali kwa Chichewa ni *njerwa*. Dirisha letu limetoka Uajemi, wakati *zenera* la Chichewa limetoka kwa Wareno. Lakini *nyumba* ni nyumba, Lilongwe na Lamu. Na lile neno *fasi* alilolitumia mzee, lenye maana ya mahali, ni ndugu wa *nafasi*. Wanafunzi wasilisahihishe, walijifunze.

Tulichojifunza

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi, na katika utawala wa Rais Banda wafungwa wa kisiasa walifungwa hapo. Wengi hulifasiri jina lake kuwa na maana ya "sitarudia tena". Wenzetu tunaozungumza nao kila Jumamosi wanaishi juu ya historia isiyo na tikiti wala mwongoza wageni, nao wamejenga juu yake nyumba, maduka na madarasa kwa mikono yao.

Hatukupata majina ya mafundi wa Mandala. Tulirudi kwa mzee tukamwambia hivyo waziwazi. Akajibu kwamba ya zamani yamekwenda, lakini ya leo bado yanajulikana. Kisha akatupeleka kwenye nyumba yake, akatuonyesha ukuta gani aliujenga yeye, upi aliujenga shemeji yake, na wapi mvua iliangusha kona wakairudia.

Kwa hiyo muhula huu zoezi la insha la mwaka wa pili limebadilika. Kila mwanafunzi atachagua jengo moja, Dzaleka au Lilongwe, na kwa ridhaa ya wenyewe ataandika kwa Kiswahili nani alilijenga, kwa vifaa gani, na nani analitengeneza linapoharibika. Walimu wa shule za sekondari wanaopenda kulitumia zoezi hili wanakaribishwa. Tunaomba jambo moja tu: jina la fundi liandikwe mstari wa kwanza.