Vita Vilivyoachwa Nje ya Filamu ya Condor

Mwaka 1974 kijana mmoja wa Kimarekani, James Grady, alitoa riwaya yake ya kwanza, Six Days of the Condor. Mhusika wake mkuu ni mtumishi wa CIA ambaye kazi yake ni kusoma riwaya. Anazipekua akitafuta njama na mbinu zinazofanana mno na shughuli halisi za ujasusi, kisha anaandika taarifa. Siku moja anatoka kununua chakula cha mchana, na anaporudi anawakuta wenzake wote ofisini wameuawa. Baadaye anang'amua kwamba waliouawa walimalizwa na watu wa idara yao wenyewe, kwa sababu mmoja wao alikuwa amekaribia kuigusa siri ya dawa za kulevya zilizokuwa zikitolewa Laos.

Septemba 1975 Sydney Pollack alitoa filamu iliyotokana na riwaya hiyo. Siku sita zilikuwa tatu, na jina likawa Three Days of the Condor. Mji wa Washington ulibadilishwa ukawa New York. Dawa za kulevya za Laos nazo zikaondolewa, mahali pake yakawekwa mafuta ya Mashariki ya Kati. Mabadiliko mawili ya kwanza ni ya kifundi na sina ugomvi nayo. Hadithi ya siku tatu inakwenda mbio kuliko ya siku sita, na New York ya majira ya baridi, siku chache kabla ya Krismasi, ilimpa mpiga picha Owen Roizman mwanga wa kijivu unaomfaa mtu asiyejua amwamini nani. Badiliko la tatu ndilo lenye uzito. Hii ni miongoni mwa filamu bora za kijasusi ninazozijua, na kwa sababu hiyo hasa naona inastahili kuulizwa kilichotolewa ndani yake.

Laos wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni tatu. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 1962 yaliitangaza kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote, na askari wa kigeni walitakiwa waondoke. Vietnam Kaskazini haikuwaondoa wake wote. Marekani nayo ikaendesha vita vyake kupitia CIA: iliwapa silaha na mishahara wapiganaji wa Kihmong waliokuwa chini ya Jenerali Vang Pao, ikaifanya Long Tieng, kule milimani, kuwa kambi kubwa, ikasafirisha mchele na risasi kwa ndege za Air America, kampuni iliyojionyesha kuwa ya biashara ilhali mwenye mali alikuwa CIA. Kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege za kivita za Marekani ziliiangushia nchi hiyo zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Mengi hayakulipuka, na mpaka leo yanaua wakulima na watoto mashambani. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo raia wa Marekani, ambao kodi yao ndiyo iliyonunua mabomu, hawakuambiwa kwamba vita hivyo vipo. Maseneta wenyewe walianza kupata picha kamili mwaka 1969, kamati ndogo ya Seneta Stuart Symington ilipowahoji maofisa faraghani. Mwaka 1972 Alfred McCoy alichapisha kitabu chake kuhusu heroini ya Asia ya Kusini-Mashariki, akaeleza jinsi afyuni ya milimani ilivyopakiwa kwenye ndege za Air America na jinsi majenerali washirika wa Marekani walivyotajirika nayo. CIA ilidai iusome mswada kabla haujatoka.

Kwa hiyo Grady alipoiweka Laos kwenye riwaya yake, alikuwa ameshika jambo bichi kabisa. Waandishi wa filamu, Lorenzo Semple na David Rayfiel, walikuwa na sababu zao za kuliachia. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta kwa kuiunga mkono Israel vitani. Katika miezi michache bei ya pipa ilitoka dola 3 hivi ikakaribia 12, na Wamarekani wakapanga foleni za magari kwenye vituo vya petroli. Mtazamaji wa 1975 alikuwa bado na foleni ile mwilini. Laos ilikuwa mbali naye, na pengine hakutaka tena kusikia jina lolote la upande ule wa dunia.

Sababu hiyo inaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba vita vilivyokwisha kuua watu viliondolewa, vikawekwa vita ambavyo havijapiganwa. Ndani ya filamu, mpango wa kuivamia Mashariki ya Kati ni makaratasi tu. Kuna kundi dogo ndani ya CIA, likiongozwa na ofisa aitwaye Atwood, ambalo limeuchukulia kwa dhati mpango uliobuniwa kama zoezi. Joe Turner, mhusika mkuu anayechezwa na Robert Redford, ameugusa bila kujua alipoandika kuhusu riwaya ya kawaida iliyotafsiriwa katika lugha chache zisizotarajiwa, Kiarabu na Kiholanzi zikiwamo. Wanaokufa wote ni Wamarekani, na wote wanafia Marekani. Mwarabu ambaye ardhi yake ingevamiwa haonekani hata mara moja. Huzuni yote ya mtazamaji inabaki nyumbani.

Hata hivyo, Pollack aliona kitu ambacho filamu nyingi za kijasusi hazikioni. Aliona kwamba vita vya siri ni kazi ya ofisi.

Angalia mauaji yenyewe yanavyofanyika. Ofisi ya Turner imejificha nyuma ya kibao cha chama cha historia ya fasihi, ndani ya nyumba nzuri ya matofali. Kuna mashine inayopitisha kurasa za vitabu, kuna kahawa, kuna utani wa asubuhi. Wauaji wanaingia wakijifanya wanaleta mzigo. Hawapigi kelele wala hawatukani. Janice, mfanyakazi aliyekuwa karibu na Turner, anamwambia kiongozi wao kwamba hatapiga ukunga, na yule mtu anamjibu kwa upole kwamba anajua. Kisha anapigwa risasi, huku mashine ikiendelea na kazi yake. Turner anapopiga simu ya dharura, sauti ya upande wa pili haimpi pole. Inataka jina lake la kazi, na inamkemea kwa kutofuata utaratibu. Watu wote anaofanya nao kazi wamelala kwenye damu, na kinachoisumbua ofisi ni utaratibu.

Muuaji yule, Joubert, amechezwa na Max von Sydow kwa utulivu unaoogopesha. Anapokuwa nyumbani anapaka rangi vinyago vidogo vya askari. Hachukii mtu. Karibu na mwisho anamuua Atwood, mtu yuleyule aliyekuwa akimlipa, kwa kuwa sasa wakubwa wa idara ndio wanaolipa na wanataka aibu hiyo izikwe. Turner, aliyekuwa windo lake dakika chache zilizopita, anaachwa hai kwa sababu jina lake halimo kwenye kazi mpya. Joubert anamweleza kwamba yeye haulizi kwa nini; anachouliza ni lini, wapi na kwa kiasi gani. Watazamaji wengi humkumbuka huyu kuliko wote, nami sishangai. Lakini mtu wa kutazamwa kwa makini zaidi ni Higgins.

Higgins, anayechezwa na Cliff Robertson, ni naibu mkurugenzi wa CIA mjini New York, mwenye suti safi na sauti ya kiungwana. Hakuhusika na kundi la Atwood. Amewasaka wahalifu ndani ya idara, na kwa kipimo cha kawaida cha sinema angekuwa mtu mwema. Katika onyesho la mwisho, barabarani, anamweleza Turner kwamba kosa la Atwood lilikuwa kuharakisha. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro na ungefanya kazi. Leo ni mafuta, baada ya miaka kumi au kumi na mitano kitakuwa chakula. Turner anamtaka awaulize wananchi. Higgins anasema wananchi wasiulizwe sasa. Waulizwe siku mafuta yatakapokwisha, nyumba zitakapokuwa za baridi, watu wasiowahi kujua njaa watakapoanza kuona njaa. Siku hiyo, anasema, hawatataka kuulizwa, watataka waletewe.

Hapo ndipo filamu inapougusa ufisadi wenyewe. Tumezoea kuutafuta kwenye fedha: mkataba hewa, akaunti ya nje, asilimia ya mkubwa. Katika filamu hii hakuna kigogo anayekula hongo, isipokuwa muuaji anayelipwa ujira wake. Kinachoibwa ni haki ya raia kuulizwa. Higgins amewajibia mamilioni ya watu swali ambalo hawakuulizwa, akalifungia jibu hilo kwenye kabati la siri, na sasa analinda kabati. Tena anaamini kwa moyo wote kwamba anawatumikia. Mwizi wa fedha anajua ameiba, na siku akikamatwa anaweza kuona haya. Higgins hawezi kuona haya, kwa maana hajui kama amechukua kitu cha mtu. Ndiyo maana namhesabu kuwa mtu wa hatari kuliko Joubert.

Novemba 1975, filamu ikiwa ingali kwenye kumbi, Wamarekani walipata kusoma habari za akina Higgins wa kweli. Desemba 1974 Seymour Hersh wa New York Times alikuwa ameandika kwamba CIA ilipeleleza raia ndani ya Marekani kinyume cha sheria. Januari 1975 Baraza la Seneti liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Seneta Frank Church wa Idaho. Rais Gerald Ford aliomba taarifa ya kamati kuhusu mipango ya kuwaua viongozi wa nchi za nje isitangazwe. Kamati ikaitoa tarehe 20 Novemba 1975.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuijua taarifa hiyo, kwani sehemu yake moja inahusu nchi ambamo lugha hii huzungumzwa. Septemba 1960 mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sumu iliyokusudiwa kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Alimkabidhi mkuu wa kituo cha CIA, Larry Devlin. Kamati iliona kwamba ushahidi unatosha kumfanya mtu adhani Rais Eisenhower aliridhia, ingawa haikuthubutu kulisema kama jambo lililothibitika. Sumu haikutumika; Devlin aliandika miaka mingi baadaye kwamba aliitupa katika Mto Kongo. Lumumba alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa mikono ya watu wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika moja kwa moja na kifo hicho. Katika taarifa, Gottlieb na Devlin walipewa majina ya kubuni, wote wawili. Hata siku ya kufichua, kabati halikufunguliwa lote.

Tukiziweka simulizi hizi mbili pamoja, upungufu wa filamu unaonekana wazi. Pollack alijua sumu inavyotengenezwa, kwa maana ya simu, vikao na watu wapole wenye suti. Hakuonyesha inakopelekwa. Mkongo aliyeiona serikali yake aliyoichagua ikiangushwa miezi michache baada ya uhuru, na Mlao aliyekimbilia pangoni kukwepa mabomu, hawa ndio waliojua vita vya siri ni nini, na kwao havikuwa siri hata siku moja. Siri ilikuwa kwa mlipakodi wa Ohio. Filamu imetengenezwa kwa ajili yake, na inamtetea kwa ustadi mkubwa, lakini inamwacha aamini kwamba aliyedhulumiwa kwanza ni yeye.

Turner anamaliza kwa kumwonyesha Higgins jengo lililo mbele yao. Ni la New York Times, na ameshawapa habari yote. Higgins anamuuliza anajuaje kama wataichapisha. Picha inaganda hapo, uso wa Turner ukiwa na shaka. Lilikuwa swali la haki. Mapema mwaka 1975 gazeti hilo liliizuia habari ya meli Glomar Explorer, ambayo CIA iliitumia kuopoa manowari ya Kisovieti, kwa ombi la mkurugenzi William Colby, mpaka mwandishi mwingine alipoitangaza. Miaka thelathini baadaye gazeti hilohilo lilikaa zaidi ya mwaka mmoja na habari ya serikali ya George W. Bush kusikiliza mawasiliano ya raia bila kibali cha mahakama, kabla ya kuichapisha Desemba 2005.

Lakini mara nyingi habari zilichapishwa, na hapo liko swali ambalo filamu haikulifikia. Richard Helms aliyekuwa mkurugenzi wa CIA alihojiwa na maseneta mwaka 1973 kuhusu vitendo vya idara yake nchini Chile, akawaeleza yasiyo kweli. Jambo likajulikana, magazeti yakaandika, kesi ikafunguliwa. Novemba 1977 hakupinga mashtaka, akatozwa faini ya dola 2,000 na kupewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Wakili wake alisema angeivaa hukumu hiyo kama nishani. Baadaye Helms alikwenda kwenye mkusanyiko wa maofisa wastaafu wa CIA. Walisimama wakampigia makofi, kisha wakapitisha vikapu kati ya meza na kumchangia faini yote.